Mary Leakey: Mkono uliookoa michoro ya Kondoa

WATANZANIA wengi wanaposikia jina la Mary Leakey hukumbuka Olduvai, ambako mwaka 1959 aliligundua fuvu la kale lililoitwa Zinjanthropus, au Laetoli, ambako mwaka 1978 kundi lake lilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita. Ni wachache wanaomhusisha na Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, mkoani Dodoma. Hata hivyo, huko ndiko alikofanya kazi aliyoihesabu mwenyewe kuwa miongoni mwa zilizompa furaha kubwa maishani, na haikuhitaji sururu wala koleo. Ilihitaji jicho, mkono na rangi.

Alizaliwa London, Uingereza, Februari 6, 1913, akapewa jina la Mary Douglas Nicol. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari aliyezunguka Ulaya na familia yake, na huko Ufaransa binti huyo aliingia katika mapango yenye michoro ya watu wa kale. Baba huyo alifariki mwaka 1926. Shuleni Mary hakudumu. Alifukuzwa mara mbili katika shule za watawa na hakufaulu mtihani wowote. Kilichomfungulia mlango wa elimu ya mambo ya kale ni kalamu yake ya kuchora zana za mawe, na ni kwa kuchora ndipo alipokutana na Louis Leakey mwaka 1933, akiombwa kumsaidia picha za kitabu. Walioana mwaka 1936.

Mwaka 1935 alifika Tanganyika kwa mara ya kwanza, akaiona michoro ya Kondoa, na hakuisahau. Ilimchukua miaka 16 kurudi na nafasi ya kuifanyia kazi.

Mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 38, alipiga kambi Kondoa pamoja na mumewe kwa miezi kadhaa. Walitembelea maeneo 186 yenye michoro. Kati ya hayo ni 43 tu waliyoyaona kuwa na picha zilizo wazi kiasi cha kunakiliwa, na humo walinakili takriban picha 1,600: twiga, tembo, pofu, watu wembamba warefu wenye nywele zilizotuna, wengine wakicheza au kupiga ala za muziki.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Karatasi angavu iliwekwa juu ya mwamba, mstari ukafuatwa kwa mkono, kisha picha ikachorwa upya na kupakwa rangi inayolingana na ile ya jiwe. Ugumu ulikuwa kwamba wachoraji wa kale hawakutafuta ukuta mtupu. Walichora juu ya kazi za waliowatangulia, nyekundu juu ya nyekundu, nyeupe juu ya zote.

Mchapaji wa picha za rangi nyingi anayetumia fremu moja ya kitambaa huanza na rangi nyepesi, akaziba sehemu ya kitambaa, akapitisha rangi nyingine, akaziba tena. Kila hatua huifunga ile iliyopita na hakuna kurudi nyuma. Mary alikabiliwa na kazi hiyo kinyumenyume. Rangi zote zilikuwa zimekwisha kupita, naye alitakiwa kuzitenganisha kwa macho, aseme ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Kwa njia hiyo alijaribu kupanga mitindo ya michoro hiyo kwa utaratibu wa wakati.

Si kila alichokisoma kimekubaliwa. Katika picha mashuhuri ya Kolo yenye watu watano, yeye aliona mwanamke akigombewa na watekaji. Watafiti wa baadaye wameona humo ngoma ya uganga, wakiilinganisha na simbo ya Wasandawe. Nakala, hata hivyo, ilibaki kuwa nakala, na hilo ndilo lililowawezesha kubishana naye.

Kitabu chake cha michoro hiyo kilitoka mwaka 1983, miaka 32 baada ya kambi ile, kikiwa na jina linaloitaja kuwa sanaa inayotoweka. Jina hilo halikuwa la kutia chumvi. Maji, vumbi, jua na mikono ya wageni vimeila michoro, na wako waliochimba chini ya miamba wakitafuta mali inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani.

Mary Leakey alifariki Nairobi, Desemba 9, 1996. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika Orodha ya Urithi wa Dunia, eneo la kilometa za mraba 2,336, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba baadhi ya miamba hiyo bado inatumiwa na wenyeji kwa matambiko ya mvua na uganga.