Bi. Dorothy Brooke, Mama wa Punda na Farasi

Mama huyu alizaliwa mwaka wa 1883. Mwaka wa 1930 alifika Cairo, Misri, na mumewe, afisa mkubwa wa jeshi la Uingereza. Huko akakuta farasi wakongwe, mifupa mitupu, wakivuta mikokoteni. Lo! Kumbe walikuwa farasi wa jeshi hilo hilo, waliouzwa Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha.

Mwaka wa 1931 aliandikia gazeti moja la London kuomba msaada. Pesa zikamiminika, akanunua farasi kama 5,000. Wengi walikuwa wameisha kabisa, ikabidi wauawe bila maumivu.

Mimi ninampendea hili: wenye farasi hakuwanyang'anya, aliwalipa. Aliona ni mafukara, mnyama akifa na watoto wanalala njaa. Ndipo 1934 akafungua hospitali ya kutibu farasi na punda wa maskini bure. Hapa kwetu Nyeri, mwenye punda wa kubeba maji anaelewa: daktari wa mifugo ni pesa, na punda akichechemea, hakuna unga.

Alifariki Cairo mwaka wa 1955. Shirika lenye jina lake limefika hata Kenya, hadi kwa punda wa Mwea, huko chini ya mlima.