Bendera Nyekundu ya Sayyid Said

Katika nyumba niliyolelewa hapa Mvita, jina la Sayyid Said bin Sultan lilikuwa halitajwi ila uso wa mtu hubadilika. Babu mzaa baba akimrehemu. Bibi mzaa mama, mwenye damu ya Kimazrui, akinyamaza tu, na sote tukielewa. Mimi ni mjukuu wao wote wawili.

Alizaliwa yapata 1791 huko Samail, Oman. Baba yake aliuawa baharini 1804, na mwaka 1806 kijana huyu akashika utawala baada ya kumuua jamaa yake, Badr bin Saif. Oman ilikuwa na bendera mbili: nyeupe ya Maimamu, iliyoheshimiwa bara ya milimani, na nyekundu ya watawala wa Maskati, watu wa bandari na vyombo. Said alikuwa mtu wa bahari. Yake ilikuwa nyekundu tupu, haina nyota wala maandishi.

Na nchi yake, ukiitazama kwenye ramani, utaona karibu yote ni ufuo: Maskati, Bandar Abbas, Gwadar, kisha inavuka bahari kuja Mogadishu, Lamu, Pemba, Unguja, Kilwa, hata Rasi ya Delgado. Kilichoiunganisha ni pepo za kaskazi na kusi.

Mvita ndiyo iliyomsumbua. Mazrui hawakumtaka, na mwaka 1824 waliona heri kupandisha bendera ya Kiingereza juu ya Ngome kuliko nyekundu yake. Waingereza wenyewe wakaondoka 1826. Said akaja 1828, akaingia Ngomeni kwa mapatano, akaacha askari. Wakazingirwa hata wakatoka. Akarudi, akashindwa, akarudi tena. Mwaka 1837, wenyeji walipokuwa wamegawanyika, akaupata mji. Halafu wakuu wa Kimazrui wakakamatwa kwa hila, wakapakiwa merikebuni na kupelekwa Bandar Abbas. Hawakurudi. Hapo ndipo bibi alipokuwa akinyamaza, nami sioni neno la kumtetea Said katika jambo lile.

Yapata 1840 alihamishia makao yake Unguja. Alihimiza karafuu hata aliyekataa kuipanda akatiwa hofu ya kunyang'anywa shamba. Na mikono iliyozipanda na kuzichuma ilikuwa ya watumwa. Tusilifiche hilo kwa uzuri wa harufu yake. Mwaka huo huo merikebu yake Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York, na Wamarekani wakajazana bandarini kuwatazama mabaharia wetu.

Alifariki 19 Oktoba 1856 chomboni, karibu na Shelisheli, akitoka Maskati, akazikwa Unguja. Wanawe wakagombania urithi, na mwaka 1861 Waingereza wakaukata ufalme pande mbili: Thuwaini Maskati, Majid Unguja. Bendera ikabaki moja kwa wote wawili.

Hapa kwetu ilipepea Ngomeni hata zama za Waingereza, kwani mkataba wa 1895 uliwapa kuendesha ule Mwambao wa maili kumi, lakini enzi ikabaki kwa Sultani. Babu alikuwa akipita chini yake kila alfajiri akienda sokoni, na alipotusimulia alikuwa akinyanyua kidole juu kana kwamba bado ipo. Mapatano ya Oktoba 1963 yakamaliza enzi hiyo, na 12 Desemba Mwambao ukaingia Kenya pamoja na bara.

Unguja nako, siku ya uhuru, 10 Desemba 1963, waliitia ile nyekundu duara la kijani lenye karafuu mbili: mmea wa Said juu ya bendera ya Said. Haikumaliza siku arubaini; Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yakaiondoa. Oman ilidumu nayo tupu hadi 1970, ilipoongezwa nyeupe, kijani, jambia na panga mbili. Ile nyeupe ni ya Maimamu, iliyokuwa kando tangu enzi za Said.

Bibi alifariki bila ya kulitaja jina lake. Babu alituachia kitambaa chekundu kilichofifia, asituambie alikipata wapi.