Peter Cameron Scott: Mwaka Mmoja kwa Miguu, Nzaui hadi Kangundo

Ukipanda matatu Emali kuelekea Matiliku utauona mlima wa mwamba umesimama mbele yako, na hauwezi kukupita. Huo ndio Nzaui. Wengi wetu tumepita hapo mara nyingi, leo ni harusi, kesho ni mazishi, bila kujua ya kwamba ni hapo Nzaui, Desemba 1895, kijana mmoja wa miaka 28 alifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Mwaka uliofuata, Desemba haijafika hata katikati, alikuwa kaburini.

Jina lake ni Peter Cameron Scott. Alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1867, na akiwa bado mtoto familia ilihamia Philadelphia, Marekani. Alikuwa na sauti nzuri ajabu. Akafundishwa kuimba, na watu wakaona huyu atakuwa mwimbaji wa majumba makubwa ya muziki. Wazazi wake, watu wa kumcha Mungu, hawakupenda njia hiyo. Siku moja, akipanda ngazi za jumba kama hilo kutafuta kazi, alisikia moyoni anaulizwa maisha yake anampa nani. Akageuka akashuka. Waimbaji wetu wa kwaya mnisamehe, lakini hapo mimi husimama kidogo. Si kwamba kuimba ni dhambi. Ni kwamba kitu alichoacha kilikuwa kizuri, na alikuwa anakiweza.

Novemba 1890 alitumwa Kongo. Ndugu yake John akamfuata huko, na baada ya miezi michache John akafa. Peter ndiye aliyetengeneza jeneza kwa mikono yake, akachimba kaburi, akamzika. Muda si mrefu yeye mwenyewe akaangushwa na homa, ikabidi arudishwe Uingereza amebebwa na ugonjwa. Mtu wa kawaida angesema basi, Afrika imenishinda. Yeye siku moja aliingia kanisa la Westminster kule London, kwenye kaburi la David Livingstone, akapiga magoti. Juu ya jiwe lile kumechongwa maneno ya Yohana 10:16, yale ya kondoo wengine ambao si wa zizi hili. Alipoinuka hapo alikuwa ameamua kurudi.

Maono yake yalikuwa makubwa: vituo vya injili vifuatane kama mnyororo kutoka pwani ya Mombasa hadi Ziwa Chad. Hakuwa na kanisa tajiri nyuma yake. Watu wachache wa Philadelphia waliungana kuomba, na mapatano yao yalikuwa hakuna kuombaomba pesa, Mungu ataleta. Agosti 1895 wakasafiri, kundi la watu wanane pamoja na waliojiunga njiani. Dada yake Margaret alikuwa mmoja wao. Oktoba wakashuka Mombasa.

Sasa, msidhani Ukambani hapakuwa pamesikia injili kabisa. Ludwig Krapf alitembea kutoka Rabai hadi Kitui kwa Kivoi mwaka 1849, na ni huko Kitui, Desemba 3, alipouona Mlima Kenya. Mwaka 1850 Injili ya Marko ikachapishwa kwa Kikamba. Mwaka 1851 Krapf akarudi, Kivoi akauawa njiani kwenda Mto Tana, na Krapf akaponea chupuchupu, akitangatanga nyikani kwa njaa na kiu. Walutheri Wajerumani nao walishakuja Ikutha, kusini mwa Kitui, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Lakini vilima vya upande huu wa Makueni havikuwa na mhubiri wa kukaa.

Na kufika kwenyewe! Reli haikuwepo. Reli ya kwanza ilitandikwa Mombasa mwaka 1896, huyu bwana akiwa tayari yuko Nzaui. Yeye na wenzake walikuja kwa miguu na wapagazi, wakapitia nyika ya Taru isiyo na maji, mwendo wa wiki kadhaa.

Baada ya Nzaui, mwaka huohuo vikafunguliwa Sakai, Kilungu na Kangundo. Vituo vinne, na kila kimoja kina wageni wachache wasiojua lugha, wanaougua ovyo, wanaongojea barua, chakula na mtu wa kuomba nao. Ni nani atawazungukia? Ni Scott. Wale wa Kilungu mnajua kupanda kule Nunguni kulivyo, unatoka jasho bondeni na juu unakutana na ukungu na baridi. Na mito yetu tunaijua: leo ni mchanga mtupu unavuka na ndala, kesho mvua imenyesha milimani na maji yanashuka kama ukuta. Alipita huko huko, anateremka Nzaui kwenye joto, anapanda Kilungu, anaenda mpaka Kangundo, anarudi. Katika mwaka mmoja inasemekana alitembea kilomita kama 4,200. Hebu piga hesabu: ni kama kwenda Nairobi kutoka Mombasa karibu mara tisa, kwa miguu. Sisi tukitangaziwa maombi ya Jumatano yako ng'ambo ya mto, swali la kwanza ni nani ana gari.

Lakini lazima niseme lingine, kwa sababu hadithi hizi huwa tunazisimulia kama kwamba mtumishi hana mwili. Kongo ilikuwa imemwonya. Alijua homa ni nini, alikuwa amemzika ndugu yake. Je, angepunguza mwendo? Angewaacha wenzake wa Sakai au Kangundo mwezi mmoja zaidi bila kuwatembelea, apumzike? Nimelifikiria sana na bado sina jibu. Najua tu kwamba wachungaji wetu wanaozunguka matawi ya mbali kwa pikipiki ya mkopo huulizwa wamehubiri nini. Mara ya mwisho kuwauliza wamelala saa ngapi ilikuwa lini?

Mwishoni mwa 1896 malaria ilimzidi, ikageuka ile homa mbaya inayofanya mkojo uwe mweusi. Wazazi wake walikuwa wamekuja Ukambani mwaka huo pamoja na dada yake mdogo, Ina, kumsaidia kazi. Fikiria ni mzazi gani huyo aliyekwisha poteza John Kongo. Peter alifariki Desemba 4, 1896, akiwa na miaka 29, akazikwa Nzaui.

Baada yake mambo yalizidi kuwa mabaya. Njaa kubwa ikaja, ile wazee wetu waliiita Ngomanisye, watu wakafa kila kijiji. Wamishonari wengine wakafa, wengine wakarudi kwao, hata kufikia 1899 misheni ilikuwa karibu imebaki na mtu mmoja. Ndipo Charles Hurlburt, mmoja wa wale walioomba pamoja kule Philadelphia, akaja na mke na watoto kuishika kazi; mwaka 1903 makao yakahamia Kijabe. Agano Jipya la Kikamba likatoka 1920, Biblia nzima 1956. Na kule Machakos, chuo cha kufundisha wachungaji kilipofunguliwa mwaka 1962, kilipewa jina la Scott.