Al-Khwarizmi na Theluthi ya Wasia

Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa aljebra ni elimu ya kigeni iliyoletwa na shule za Wazungu. Jina lake lenyewe lakanusha dhana hiyo.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa yapata mwaka 780. Alifanya kazi Baghdad katika Nyumba ya Hekima, zama za Khalifa al-Maamun, aliyetawala tangu 813 hata 833. Alitunga kitabu cha al-jabr na al-muqabala ili kiwafae watu katika mirathi, wasia, biashara na upimaji wa ardhi. Hakutumia alama, alieleza yote kwa maneno, na kisichojulikana akakiita kitu. Al-jabr ni kukirejesha kilichopunguzwa kwa kukiongeza pande zote mbili; al-muqabala ni kuondoa pande zote mbili kiasi kilicho sawa.

Yeye alishughulika na hesabu ambazo pande zake ni sawa. Lakini sharia haikutaka wasia uwe theluthi kamili. Imetaka usizidi theluthi. Hiyo ni hesabu ya kutozidi, na kanuni zake mbili zafaa humo pia.

Natupige mfano wa bara. Mkulima wa Soy, njia ya Eldoret kwenda Kitale, amefariki. Baada ya mazishi na madeni yamebaki magunia 180 ya mahindi; theluthi ni 60. Ameusia mayatima wawili wasio warithi wake wapewe sawasawa, na madrasa isipate chini ya 10. Basi 60 kutoa vitu viwili kusipungue 10. Kwa al-jabr, 60 haipungui 10 na vitu viwili. Kwa al-muqabala, 50 haipungui vitu viwili. Kila yatima hazidishiwi 25.

Mwenye haraka huanza kwa kuondoa 60, akaandika −2x ≥ −50, kisha akagawanya kwa −2 na kusahau kuigeuza alama. Jibu lake huwa: si chini ya 25. Mayatima wakipewa 30 kila mmoja, madrasa imekosa. Wakipewa 40, haki ya warithi imeliwa.

Al-Khwarizmi alifariki yapata mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu chake kwa Kilatini, na Ulaya ikasoma kwake. Basi anayeidharau hesabu kwa kuiona ni mambo ya dunia tu, na afikiri ni nani atakayegawanya mirathi mtaani kwake.