Faraday: Kijana wa Duka la Vitabu Aliyetupatia Stima, na Bifu Kati Yake na Bosi

Stima ikipotea usiku, kila mtu hukimbilia dirishani kuangalia kama ni ploti yao tu ama ni mtaa mzima. Leo tuongee kuhusu msee aliyefanya hiyo stima iwezekane.

Michael Faraday alizaliwa London, Septemba 22, 1791, kwa familia iliyosota mbaya. Buda yake alikuwa mhunzi, na ugonjwa haukumwacha afanye kazi vizuri. Mwaka wa 1801 hali ilikuwa noma hadi kijana anapewa mkate mmoja wa kumtosha wiki nzima. Shule aliigusa tu.

Akiwa na miaka 14 aliingia duka la George Riebau kujifunza kujalidi vitabu. Wenzake walishona kurasa, yeye alizisoma kwanza. Hapo ndipo mambo ya umeme yalimshika.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja alimpa tikiti za mihadhara ya Humphry Davy, mwanasayansi aliyekuwa staa kabisa London. Faraday aliandika notsi, akazijalidi zikawa kitabu cha kurasa kama 300, akamtumia Davy. CV kali kuliko hiyo utaitoa wapi? Machi 1813 akapewa kazi ya usaidizi wa maabara pale Royal Institution, shilingi 25 kwa wiki.

Lakini manze, kazi ilikuja na madharau. Walipozunguka Ulaya, alifanywa pia mtumishi wa Davy, na mke wa Davy alitaka ale na wafanyakazi.

Mwaka wa 1821 Faraday alifanya waya wenye umeme uzunguke sumaku bila kusimama. Hiyo ndiyo mota ya kwanza, babu ya ile iko kwa blenda yako. Badala ya pongezi, akashutumiwa kuiba wazo la William Wollaston. Mwaka wa 1823 jina lake lilipopendekezwa Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wa chama, alimpinga. Kura zikahesabiwa: moja tu ilimkataa. Akaingia.

Davy alifariki 1829, hivyo hakuona kazi kubwa zaidi. Oktoba 1831 Faraday alisukuma sumaku ndani ya koili ya waya na mshale wa kipimo ukaruka. Sumaku ikitulia, hakuna kitu. Ikisonga, umeme. Yaani umeme hautoki bure, lazima kitu kisonge, na nguvu ya ule mwendo ndiyo inageuka kuwa stima. Pale Olkaria, joto la ardhini linatoa mvuke, mvuke unazungusha mitambo, na ndani ya jenereta ni mchezo uleule wa sumaku na waya.

Cha kushangaza, hesabu hakuwa nazo. Alichora mistari ya nguvu za sumaku kichwani, kisha James Clerk Maxwell akaja baadaye kuigeuza kuwa fomula.

Umaarufu ulipokuja, alikataa kuitwa Sir, akakataa mara mbili kuwa rais wa Royal Society, kile kiti cha Davy. Serikali ilipotaka usaidizi wa silaha za kemikali kwa vita vya Crimea, alikataa pia. Nyumba ya Hampton Court aliyopewa na Malkia Victoria aliikubali, na huko ndiko alikofia akiwa kwa kiti chake, Agosti 25, 1867.