Sultani Salahuddin Ayyubi na Ahadi ya Baitul Muqaddas

Miongoni mwa watawala wa Kiislamu ambao hata adui zao waliwataja kwa heshima, yumo Sultani Salahuddin Yusuf bin Ayyub. Alizaliwa katika ukoo wa Kikurdi mjini Tikrit, nchini Iraki, mwaka 532 A.H. (1137/38). Alikulia Sham, na baadaye akawa katika utumishi wa mtawala mchamungu, Nuruddin Zengi, ambaye alimtuma Misri pamoja na ami yake, Shirkuh. Ami yake alipofariki mwaka 1169, Salahuddin akawa waziri wa Misri. Nuruddin naye alipofariki mwaka 1174, Salahuddin aliingia Damascus, na mwaka 1183 Aleppo ikawa mikononi mwake. Hivyo Misri na Sham ziliungana, na mfarakano wa Waislamu, ambao ndio uliokuwa nguvu kubwa ya askari wa Msalaba, ukapungua.

Tarehe 4 Julai 1187, penye vilima vya Hattin karibu na Tiberias, jeshi la Msalaba, likiwa limedhoofishwa na kiu na joto, lilishindwa vibaya. Njia ya kwenda Baitul Muqaddas ikawa wazi.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani mkubwa. Mwaka 1099 askari wa Msalaba walipouteka mji huo waliwachinja wakazi wake Waislamu na Wayahudi, wakubwa kwa wadogo. Kwa miaka 88 huzuni hiyo haikusahauliwa. Salahuddin mwenyewe kwanza aliazimia kuuingia mji kwa upanga, kama ulivyotwaliwa. Lakini Balian wa Ibelin, aliyeulinda, alimwonya kwamba watu wake wakikata tamaa wangewaua mateka Waislamu waliokuwamo na kulibomoa Kubba la Mwamba. Basi Sultani akashauriana na maamiri wake, akakubali mapatano: kila mwanamume ajikomboe kwa dinari 10, mwanamke kwa dinari 5, na kila mtu atoke kwa amani.

Mji ulifunguliwa siku ya Ijumaa, 27 Rajab 583 A.H. (2 Oktoba 1187). Damu haikumwagwa kwa kisasi. Padri mkuu Heraclius alipotoka na mali nyingi baada ya kulipa dinari zake 10 tu, wapo waliomshauri Sultani amnyang'anye. Alikataa, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa kuvunja ahadi. Ndugu yake, Al-Adil, aliomba apewe maskini 1,000 wasio na fidia, naye akawaacha huru. Sultani pia aliwaachilia wazee wengi, na wajane wa askari waliouawa akawapa zawadi. Walioshauri Kanisa la Kaburi libomolewe hakuwasikiliza.

Ukweli hauna budi kusemwa: maelfu walioshindwa kulipa walichukuliwa utumwani, kama ilivyokuwa desturi ya vita vya zama hizo. Hata hivyo, ukilinganisha siku hiyo na ile ya mwaka 1099, tofauti yake haifichiki.

Katika Msikiti wa Aqsa Salahuddin aliweka mimbari ambayo Nuruddin aliamuru itengenezwe kwa ajili ya siku hiyo, lakini hakujaliwa kuiona. Mimbari hiyo ilidumu karne nyingi hadi ilipoteketezwa kwa moto mwaka 1969. Nyingine ya mfano wake iliwekwa mwaka 2007.

Vita vilirudi tena. Akka ilipotea mwaka 1191, na mwaka 1192 Salahuddin alifanya suluhu na Mfalme Richard wa Uingereza: Baitul Muqaddas ibaki mikononi mwa Waislamu, na Wakristo waruhusiwe kuuzuru mji bila silaha.

Alifariki Damascus tarehe 27 Safar 589 A.H. (4 Machi 1193). Hazina ya mtawala huyo wa Misri na Sham ilikutwa na dirham 47 na dinari moja tu, hata gharama za mazishi yake zikakopwa. Kaburi lake liko karibu na Msikiti wa Bani Umayya.

Wengi wameteka miji, nao wamesahauliwa. Salahuddin anakumbukwa kwa kuwa, alipokuwa na uwezo wa kulipa kisasi, alishika ahadi yake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.