Mtakatifu Giuseppe Moscati, Daktari wa Sukari na Figo



Leo nawaletea mtakatifu ambaye hakuwa padre, hakuwa mtawa, wala hakufia dini. Alikuwa daktari. Alipima mkojo wa watu maabara na kuandika makala za kemia ambazo wengi wetu tungesoma mstari mmoja tu tukaachia hapo. Jina lake Giuseppe Moscati (Giuseppe ndiyo Yosefu wetu), wa Napoli, Italia.

Alizaliwa Benevento tarehe 25 Julai 1880, mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake, Francesco, alikuwa hakimu, na kazi yake ndiyo iliyoihamishia familia Napoli. Kwa nyumba ya namna hiyo ungetegemea kijana asomee sheria. Lakini ugonjwa uliingia nyumbani mapema. Mwaka 1892 kaka yake Alberto, aliyekuwa jeshini, alianguka kutoka kwenye farasi akaumia kichwa, akaanza kuanguka kifafa. Giuseppe alikuwa na miaka 12 tu, na saa nyingi alizimalizia kando ya kitanda cha kaka yake. Halafu mwaka 1897, ndiyo kwanza ameanza masomo ya udaktari, baba yake akafariki kwa kiharusi: mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Kwa hiyo kabla hajafundishwa darasani mshipa wa damu ni kitu gani, alishajua unaweza kufanya nini kwa familia.

Alihitimu tarehe 4 Agosti 1903. Utafiti wake wa kumaliza chuo ulihusu namna ini linavyotengeneza urea. Nieleze kidogo. Tukila nyama, maharage au samaki wa Ziwa Nyasa, mwili ukishavitumia hubaki na taka yenye sumu. Ini huigeuza taka hiyo kuwa urea, na figo huichuja kutoka kwenye damu ikatoka na mkojo. Figo zikichoka, urea hujaa kwenye damu na mtu anaanza kuzima polepole. Ndiyo maana daktari wako leo, akitaka kujua hali ya figo, huagiza kipimo cha damu ambacho ndani yake urea imo.

Kutoka hapo Moscati akaingia kwenye wanga. Wanga wa ugali au wa muhogo ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana. Tukila, mnyororo hukatwa, sukari huingia kwenye damu, na ile inayobaki mwili huiunganisha tena na kuiweka akiba kwenye ini na misuli. Akiba hiyo inaitwa glikojeni. Ni ghala la mahindi, tuseme. Moscati aliichunguza glikojeni, akachunguza pia mwili hufanya nini wanga ukiingizwa kwa sindano badala ya kupitia mdomoni. Wodini nako aliendelea kufuatilia wagonjwa wa figo na wa mishipa ya damu. Ukiangalia haraka utadhani ni mambo matatu tofauti. Muulize mtu yeyote aliyeuguza mgonjwa wa kisukari: sukari ikizidi kwenye damu miaka na miaka, inaharibu mishipa midogo, na figo ni fungu la mishipa midogo. Macho yanafuata, miguu inafuata.

Aprili 1906 mlima Vesuvio ulilipuka. Hospitali ilikuwa na tawi Torre del Greco, karibu na mlima, lililojaa wazee na waliopooza. Moscati alikimbilia kule, akasimamia kuwatoa wote, yeye mwenyewe akibeba. Wa mwisho alipotoka tu, paa likaporomoka kwa uzito wa majivu. Watu wengi wakisimulia maisha yake wanakaa sana hapo, na ni kweli inasisimua, ila mimi kinachonigusa zaidi ni mwaka 1914.

Mwaka huo, mwezi Novemba, mama yake Rosa alifariki. Kwa kisukari. Hebu fikiria. Mwanae ni mmoja wa watu walioijua kemia ya sukari mwilini vizuri kuliko madaktari wengi wa mji ule. Miaka mitatu kabla alikuwa ameshapewa kibali cha kufundisha kemia ya mwili chuo kikuu. Na hakuwa na cha kumpa mama yake. Siku zile hakukuwa na dawa. Daktari alichoweza ni kumpunguzia mgonjwa chakula, na hiyo ilinunua muda kidogo tu. Moscati alikuwa akienda Misa na kupokea Komunyo kila siku. Aliomba, bila shaka. Mama akafa.

Hapo ndipo vijana wengi huwa tunachagua upande. Mmoja atasema sala haina maana. Mwingine atasema hospitali haina maana, shida ni imani ndogo, na huyu wa pili siku hizi ana vipaza sauti. Wapo wagonjwa wa sukari wanaoambiwa waache sindano maana wameshaombewa. Moscati hakwenda upande wowote. Kesho yake Misa ilikuwepo na wodi ilikuwepo. Mimi falsafa nimeisoma, hoja za imani na akili nimezijibu kwenye mitihani, na bado naona yeye alizijibu vizuri zaidi kwa ratiba yake ya siku.

Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Banting na Best waliipata insulini, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza akachomwa. Mwaka 1923 Moscati alisafiri hadi Edinburgh kwenye mkutano wa kimataifa wa fiziolojia, na akawa miongoni mwa madaktari wa kwanza kuitumia insulini Napoli. Mtandaoni kuna wanaoandika eti yeye ndiye aliyeigundua. Si kweli, na mtakatifu hahitaji kuongezewa chumvi. Alichofanya ni kuwachoma mama za watu wengine dawa ambayo kwa mama yake ilichelewa miaka minane.

Njia ya uprofesa ilikuwa wazi. Aliiacha, kiti akakishika rafiki yake Gaetano Quagliariello, yeye akabaki na wagonjwa wa Incurabili, hospitali ambayo jina lake lenyewe maana yake ni wasiopona. Hakuoa. Aliishi na dada yake Nina. Nyumbani kwake wagonjwa walikuta kofia sebuleni: mwenye nacho aweke anachoweza, asiye nacho achukue anachohitaji. Maskini wengine walifungua karatasi ya dawa wakakuta noti ndani. Na hakuona aibu kumwambia mgonjwa, tena tajiri, kwamba pamoja na dawa aende akaungame.

Tarehe 12 Aprili 1927 alikwenda Misa, akapita wodini, akarudi nyumbani akala, akaanza kuona wagonjwa. Kwenye saa tisa mchana alijisikia vibaya, akaketi kwenye kiti chake, akafa. Alikuwa na miaka 46. Kiti hicho kipo mpaka leo katika kanisa la Gesù Nuovo, alikozikwa.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1987, wakati Sinodi ya walei ikiendelea Roma. Jimbo letu la Mbinga lilikuwa na miezi kumi tu tangu lizaliwe. Kijana aliyekuwa na saratani ya damu, ambaye kupona kwake kulikubaliwa kuwa muujiza, alikuwepo uwanjani siku hiyo. Mama yake alikuwa ameota daktari mwenye koti jeupe, akaja kumtambua kwenye picha kanisani.

Wengi humwadhimisha tarehe 16 Novemba. Siku mbili kabla, tarehe 14, ambayo ni siku ya kuzaliwa ya Banting, dunia huadhimisha Siku ya Kisukari. Ukiwa Litembo, Mbamba Bay au popote, mpeleke mama akapime sukari na presha tarehe 14, halafu tarehe 16 twende wote Misa.